Mistari ya Kreyo kwenye Karte ya Kinamasi

Hakuwa mpimaji wa ardhi, na ukimwita hivyo alikukatiza kabla hujamaliza salamu. "Mi nilishikaka muti tu," alisema. Zamani wapimaji walipopita kando ya ziwa, kutoka Baraka kwenda Swima, wao walichungulia ndani ya chombo chao cha miguu mitatu, na yeye alisimama mbali, tope limemfika magotini, ameshika mti mrefu uliopakwa nyekundu na nyeupe. Wakipunga mkono wa kulia, anasogea kulia. Wakiinua mikono yote miwili, anatulia hadi wamalize kuandika. Walipoondoka walimwachia mti ule na karatasi moja ya ramani, na kwa vitu hivyo viwili Baraka nzima ikamwita Mzee wa Karte.

Nilimfahamu miaka mingi na nilimkosea mara moja. Ninaandika habari zake kwa sababu amekwisha kufa, na kwa sababu watu wakinisifu kwamba nilikuwa karibu naye, natamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa sekretere wa biro, yaani ofisi, inayogawa viwanja. Ni afadhali hilo lijulikane mapema.

Karte yenyewe, ikifunguliwa, ilijaza meza nzima ya kulia. Mistari ya rangi ya kahawia ilikuwa milima, ya buluu ilikuwa mto na ziwa, na pale mto unapomwagikia ziwani palikuwa na alama ndogo ndogo za buluu, kama majani yaliyosimama. Ndicho kinamasi. Waliokichora walikichora vizuri, kila mkondo na kila kisiwa cha matete, na Mzee aliweza kukuonyesha kwa kidole mahali alipopoteza kiatu chake cha kushoto. Aliiweka karte ndani ya tiyo ya plastiki, ile ya kupitishia maji, iliyozibwa kwa matambara pande zote mbili. Tiyo ililala juu ya kabati, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyeigusa kwa mikono yenye mafuta.

Kila mwaka mvua zinapokaribia kuisha na ziwa limejaa, alichukua mti wake na kamba yenye mafundo, akafuata ukingo wa maji kuanzia mdomo wa mto hadi kwenye michikichi ya nyuma ya soko. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili, tatu. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Akirudi nyumbani aliosha mikono, akatandaza karte, akachora mstari mwembamba kwa kreyo, ndivyo tunavyoita penseli kwetu, kuonyesha maji yamefika wapi mwaka ule. Niliwahi kumpa kalamu nzuri ya biro, akaigeuzageuza na kunirudishia. "Biki, ukishaandika, njo imeisha," aliniambia. "Maji iko inatembea, Sekretere. Kesho inaweza kunikatalia."

Alikuwa akiukandamiza mno ule mkono wake. Kreyo zake zilivunjika ncha kila mara, na mkewe alisema mume wake hachori, analima.

Juu ya kila mstari aliandika jina, wala si lake. Liliandikwa jina la mtu aliyemkuta majini. Karibu wote walikuwa wanawake, maana kinamasini ndiko mama zetu walikoloweka mihogo, na mtu aliyeacha mihogo yake majini siku tatu au nne anajua vizuri maji yako wapi. Mzee alimwuliza, "Mama, mwaka huu imefika wapi?" Yule mama akamwongoza, akasimama ndani ya maji ameshika ule mti mwekundu na mweupe, na Mzee akarudi nyuma kupima. Yaani aliwapa wao kazi yake ya zamani. "Kama nimekosea," alitania, "mutaenda kumulalamikia yeye, hapana mi."

Mmoja wa mistari hiyo ulikuwa na jina la mama yangu, Faida. Mama hakujua kusoma. Alipoonyeshwa aliliangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa nini jina lake ni fupi hivyo. Tulilicheka jambo hilo nyumbani miaka mingi, na yeye akicheka pamoja nasi.

Mtu huyu wa maji hakujua kuogelea. Aliliogopa ziwa waziwazi, bila kujificha. Jamaa zake walikuwa na mitumbwi yenye mashine, lakini akialikwa msiba Swima alikwenda kwa miguu na kufika watu wameshazika. Vita vilipokuja, watu wa pwani wengi walivuka ziwa kwenda ng'ambo. Yeye alipanda milima, mkewe nyuma yake, tiyo begani. Kwenye kizuizi kimoja wenye bunduki walidhani amebeba silaha, wakamlaza chini, wakaizibua. Mmoja wao aliiangalia karte mpaka akakiona kijiji chao, kimeandikwa kwa herufi ndogo, na akaanza kuwaonyesha wenzake njia ya kwenda kisimani kwao. Walimrudishia karte imekunjwa vizuri kuliko alivyoikunja yeye. Kila alipoisimulia habari hiyo idadi ya bunduki iliongezeka, na mkewe, aliyekuwapo, alikohoa.

Maana kwa mdomo Mzee alikuwa mwongo kweli. Aliongopa umri wake, aliongopa ukubwa wa samaki alioletewa, na kwenye mchezo wa dama alihamisha vijiwe ukigeuka kupokea chai. Lakini kwenye karatasi hakuongeza hata nukta. Msikiti alikoswali na kanisa la jirani viliwahi kugombania kipande cha ardhi kando ya mto. Wakamwita, akatandaza karte, akapima na kamba yake, akawapa wa kanisa. Ijumaa iliyofuata alikaa palepale alipozoea, safu ya mbele. Wachache sana walimsalimu. Yeye aliwasalimu wote, mmoja mmoja, kwa sauti kubwa.

Na nyumba yake! Aliijenga juu kabisa, kwenye mawe, mbali na kila kitu. Mkewe alipanda mlima na bido ya maji kichwani, akaitua mlangoni na kusema, ili sisi wageni tusikie, "Bwana ya maji, nyumba haina maji." Mzee alicheka na kumwomba kikombe cha kunywa.

Alipenda sana kuulizwa, ila ukienda kumwuliza alikuchelewesha. Kwanza chai. Kisha habari za watoto, mmoja mmoja kwa majina. Kisha chai tena. Mara nyingi mtu aliondoka amesahau alichojia, akarudi kesho yake, na hicho nadhani ndicho Mzee alichokitaka. Mimi hakunichelewesha kamwe. Nilikuwa mtoto wa Faida. Nikitokea tu mlangoni, alikuwa ameshasimama kwenye kabati.

Ndivyo alivyofanya siku niliyokwenda kuiazima karte.

Ilikuwa miaka ambayo ziwa lilikuwa limerudi nyuma. Kinamasi kilikauka upande wa soko, watu wakapanda maharage palipokuwa na matete, na wenye dhahabu waliokuwa wakishuka kutoka machimbo ya Misisi walitaka viwanja karibu na pwani. Shefu wangu, mkubwa wa biro, alitaka kuligawa eneo lote. Alihitaji ramani ya kuambatanisha na faili, na biro yetu haikuwa na ramani yoyote ya maana. Mzee hakuwahi kuitoa karte nje ya nyumba yake. Kwangu aliitoa, akanifunga yeye mwenyewe tiyo mgongoni kwa kitenge, kama wanavyofunga mtoto, na hakuniuliza tarehe ya kurudisha.

Shefu aliiangalia, akasonya. "Hizi mistari ya muzee zitaogopesha batu," alisema. "Mashini ya fotokopi itazitoa zote. Futa." Nikamwambia ni za Mzee. Akanikumbusha kwamba faili yangu ya matrikule bado iko mezani kwake. Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita bila matrikule, yaani bila namba ya serikali, mtu wa kuja na kuondoka. Hakunitisha, hakupandisha sauti. Aliweka kifutio mbele yangu na kwenda kula.

Ningeweza kusema nililazimishwa, na kwa muda mrefu nilijiambia hivyo. Lakini ile kazi ilichukua alasiri nzima, na katika alasiri nzima mtu ana nafasi ya kutosha ya kusimama na kutoka. Nilikaa karibu na dirisha. Nilifuta kwa uangalifu, nisiguse rangi ya buluu wala ya kahawia, na nilijisifu moyoni kwamba karatasi haikuchanika. Nilifuta jina moja baada ya jingine, wanawake niliowajua, wengine walionibeba. Jina la mama nililiacha la mwisho. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nililisoma, nikalifuta, nikakusanya vumbi la kifutio kiganjani na kulitupa dirishani.

Fotokopi ilitoka nyeupe na nzuri. Zile alama ndogo za buluu hazikuonekana hata moja, maana mashine yetu haikushika rangi ile. Matrikule yangu ilitoka baada ya miezi kadhaa. Ndiyo ninayokula nayo mpaka leo.

Nilipomrudishia Mzee, alifungua tiyo, akavuta karte nusu, akaisogeza karibu na uso. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Akairudisha ndani. "Asante, Sekretere," akasema, na akaniuliza habari za wanangu kwa majina. Nilishuka mlima nikijiambia hakuona. Lakini miaka iliyofuata alitembea ukingo wa maji kama kawaida, na sikumwona tena amenunua kreyo.

Watu walijenga. Vibanda kwanza, kisha nyumba za matofali, duka la dawa, sala ya wokovu, nyumba yao ya ibada, yenye bati la buluu. Siku moja nilimkuta Mzee amesimama kwenye njia ya juu akiangalia mapaa mapya. Nikamsalimu. Akasema, "Banajenga muzuri," basi.

Halafu mvua zikaja za kila siku, ziwa likapanda na halikurudi. Liliingia polepole, bila kelele, likakaa. Vyoo vilifurika, kuta za udongo zikalala, watu wakatoa milango na mabati na kuyabeba vichwani. Asubuhi moja alikuja bironi Mama Bahati, mjane aliyekuwa na mashine ya kushona kwenye kiwanja alichopewa na mkono wangu. Sketi yake ilikuwa imeloa mpaka kiunoni. Alitoa fotokopi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaitandaza mezani pangu.

"Sekretere," akasema, "mi nilisoma hii karatasi mbele ya kulipa. Nilisoma yote. Nionyeshe maji iko wapi hapa."

Niliangalia ile karatasi. Nikamwambia akae. Akakataa.

"Sikuombe kiti. Nionyeshe maji."

Sikumwonyesha. Nilimwambia ni mambo ya Mungu. Nimesema uongo mwingine maishani, lakini huo ndio unaonirudia nikiwa napika, nikiwa kanisani, popote.

Ilipoamuliwa familia zihamishwe, kamati ya mtaa ilichagua uwanja wa nyuma ya michikichi. Palikuwa pakavu wakati ule. Mtu mmoja akakumbuka kwamba Mzee wa Karte alikuwa na mistari inayoonyesha maji yalivyopanda miaka ya zamani, na kwamba ingefaa ionekane kabla watu hawajapigwa na maji mara ya pili. Wote wakanigeukia. "Weye uko mutoto yake," wakasema. "Enda uangalie, utuletee jibu."

Nilipanda ule mlima mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Uwanja wa Mzee, uliokuwa ukichekwa, ulikuwa umejaa watu. Mahema ya sheeting, yaani ya turubai, masufuria, nguo juu ya mawe. Waliokuwa wamejenga kinamasini walikuwa wanalala kwake, na Mama Bahati alikuwa ameweka mashine yake ya kushona chini ya paa la jiko. Mkewe Mzee alikuwa anapanda na bido kwa ajili ya watu wote hao na hakutania.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda. Macho yalikuwa meupe. Nilimweleza nilichotumwa, kwa sauti ndogo, nikitumaini tutaingia ndani. Yeye akaita tiyo iletwe pale nje. Akaizibua, akatandaza karte juu ya mkeka, akaweka jiwe kila pembe. Watu wakasogea.

"Mi sione tena," akasema. "Lakini Sekretere iko na macho. Somea batu. Anza na ule mustari ya juu kabisa. Unapita mbele ya michikichi, ao nyuma?"

Niliinama. Karatasi ilikuwa safi kama nilivyoiacha. Na ninakiri hapa jambo ambalo sikulikiri siku ile: kwanza nilifikiria kubuni. Ningeweza kupitisha kidole popote na kusema mbele, au nyuma, na wale watu wangekwenda kulala ndani ya maji au nje yake kwa kidole changu. Mama Bahati alikuwa ameacha kushona. Miguu yake ilikuwa na vidonda vya tope.

"Hakuna mistari, Mzee," nikasema. "Niliifuta mimi. Yote. Siku ile nilipoiazima."

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Mama Bahati akasema tu, "Kumbe ni weye." Halafu akamgeukia Mzee. "Na weye, Papa, ulijua?"

"Nilijua. Ilikuwa inanuka gome." Kwetu kifutio ni gome. Mzee alisugua magoti yake. "Nilingoja aseme mwenyewe. Nilijiambia, mutoto ya Faida atakuja. Nikafanya kiburi, nikangoja, na banyinyi mulikuwa munajenga. Ile ni kosa yangu, Mama. Sina pa kuiweka."

Mama Bahati alibaki amesimama.

Kisha Mzee akaomba kreyo. Akashika mkono wangu wa kulia, akaweka vidole vyake juu ya vyangu, na kwa ukucha wa kidole gumba cha mkono wa pili akaanza kuipapasa karatasi. Ule mkono wake mzito, uliovunja ncha za kreyo! Nilikuwa nimeondoa weusi, lakini mifereji ilikuwa bado imo ndani ya karatasi. Aliifuata kwa ukucha, na mimi nikaufuata ukucha. Mstari ukatoka, halafu mwingine. Alipofika mwisho wa kila mmoja alitaja jina na kunisubiri niandike. Aliyakumbuka yote. Watu waliokuwa wamesimama walisikia majina ya mama zao na bibi zao.

Mstari wa juu kabisa ulipita nyuma ya michikichi, mbali sana nyuma. Kwa mstari ule, uwanja wa kamati ulikuwa ndani ya maji.

"Hapa andika Faida," Mzee akasema tulipoumaliza. Niliandika. Machozi yalidondoka kwenye karatasi na nikaona haya hata kwa hayo, nikayafuta kwa kitenge upesi yasiharibu.

Nilidhani tumemaliza. Nikaanza kuondoa mawe.

"Ngoja," akasema. "Bado ya mwaka huu."

Maji ya mwaka ule watu wote waliyajua. Walinielekeza wenyewe, huyu akitaja duka la dawa, yule sala ya bati la buluu, na Mama Bahati akaonyesha ilipokuwa nyumba yake. Nikachora mstari. Nikamwuliza Mzee niandike jina la nani, maana waliosimama majini safari hii walikuwa wengi.

"Andika yako."

"Mi sikusimama mu maji, Mzee." Ilikuwa kweli. Nyumba yangu iko juu.

"Najua," akasema. "Bengine balisimama pa nafasi yako. Andika yako. Na uweke na biki."

Ilikuwamo ndani ya mkoba wangu, kalamu ya biro, ya aina ileile aliyonirudishia zamani. Niliitoa. Niliandika majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye karatasi ya matrikule. Mzee alipitisha kidole gumba juu yake, hakusikia kitu, maana mimi mkono wangu ni mwepesi.

"Mama Bahati," akasema, "weye unajua kusoma. Angalia kama ameandika kweli."

Mama Bahati akachuchumaa karibu nami, sketi yake ikinuka ziwa, akayasoma majina yangu yote matatu, polepole, kwa sauti iliyofika hadi kwenye mahema ya mwisho.